Pancha Njiani: Maandalizi na Hatua za Mwendesha Pikipiki wa Mpakani



Usiku mmoja wa mvua za Aprili, doria yetu iliyokuwa ikirejea Mbale kutoka upande wa Lwakhakha ilimkuta kijana akisukuma pikipiki kando ya barabara. Taa ilikuwa imezimwa, nguo zake zimelowa, na gurudumu la nyuma lilikuwa limelala kabisa, rimu ikisaga changarawe. Nyuma yake, hatua kama kumi, alifuata mama mmoja aliyembeba mtoto mwenye homa. Walikuwa wametembea zaidi ya saa moja. Askari walimwuliza kijana maswali ambayo askari yeyote humwuliza mtu anayesukuma pikipiki usiku karibu na mpaka: pikipiki ni ya nani, karatasi zake ziko wapi, inatoka wapi na inakwenda wapi. Kijana hakuwa na karatasi, kwani zilikuwa nyumbani kwa mwenye pikipiki. Hakuwa na pampu, wala kiraka, wala salio katika simu. Mtoto alifikishwa hospitali kwa gari la doria. Pikipiki ilifikishwa kituoni, ikakaa hapo mpaka mwenyewe alipokuja siku ya pili na kuthibitisha kuwa ni mali yake.

Katika habari hii hakuna aliyekuwa mhalifu. Kijana alisema kweli, na askari walifanya kazi yao. Kilichowakutanisha ni msumari mmoja wa inchi mbili. Hata hivyo mtoto alichelewa kupata matibabu, kijana alipoteza kipato cha siku nzima, na tyubu, tairi na rimu vyote viliharibika kwa sababu alijaribu kwanza kuiendesha pikipiki hivyo hivyo mpaka ikamshinda. Kwa hiyo ofisi yetu imeona vyema kuandika juu ya pancha, jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa la fundi peke yake, lakini ambalo kwetu sisi ni jambo la usalama.

Watu wa mpakani wana haki zaidi ya wengine kuzungumza juu ya usafiri huu. Jina la boda boda lilizaliwa hapa hapa petu, Busia, katika miaka ya 1960, pale vijana wa baiskeli walipowavusha wasafiri na mizigo yao kati ya kituo cha Uganda na kile cha Kenya, wakiwaita wateja kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Baiskeli zimepungua na pikipiki zimeshika nafasi yake, lakini kitu kimoja hakijabadilika: mwili wa mwendeshaji na wa abiria wake vyote viwili vinategemea upepo uliofungiwa ndani ya mpira.

Tuanze na chanzo. Mwendeshaji akipata pancha husema mara moja, "Nimekanyaga msumari." Mara nyingi ni kweli. Katika barabara kuu itokayo Malaba kupitia Tororo na Iganga kuelekea Jinja, ambako malori hupita mchana na usiku, matairi ya malori hupasuka na kuacha vipande vilivyojaa nyuzi nyembamba za chuma. Uzi huo huingia katika tairi la pikipiki bila kuonekana, na huendelea kutoboa tyubu mpya kila inapowekwa. Upande wa Nakapiripirit na nyanda za Karamoja adui ni mwiba wa mgunga, ambao hukatikia ndani ya mpira na kubaki hapo. Mjini Mbale, tahadhari kubwa ni baada ya mafuriko. Wengi wetu tunakumbuka mwisho wa Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilipovunja kingo zake na kuleta msiba mkubwa. Maji ya namna hiyo yakishapungua, tope lililobaki barabarani huficha vioo, mabati na misumari kwa siku nyingi. Mwendeshaji mwenye busara hupita mahali pale polepole, au huzunguka.

Lakini ziko pancha ambazo hazikuletwa na msumari, na hizi ndizo zinazoweza kuzuiliwa zaidi. Tairi lenye upepo mdogo likigonga ukingo wa shimo, tyubu hubanwa kati ya rimu na jiwe, ikatoka na matundu mawili madogo yaliyo sambamba, mfano wa alama ya meno ya nyoka. Ukiona matundu mawili ya namna hiyo, usihangaike kutafuta msumari, tafuta pampu. Upepo mdogo una hila nyingine pia. Tairi huteleza kidogo kidogo juu ya rimu kila unapofunga breki au kuongeza mafuta, likaivuta tyubu pamoja nalo, na valvu ambayo imefungwa kwenye tundu lake huinama mpaka ikang'oka shinani. Valvu iliyong'oka haizibwi kwa kiraka. Kwa hiyo valvu iliyoinama upande mmoja ni onyo lililo wazi, na ni jambo la kutazama kila asubuhi kwa muda usiozidi kufumba na kufumbua.

Kisha kuna spoki. Ndani ya rimu yenye spoki hutandikwa mkanda wa mpira unaozuia vichwa vya spoki visiguse tyubu. Mkanda huo ukioza au ukikatika, au fundi akisahau kuurudisha, spoki hutoboa tyubu kwa ndani. Mwendeshaji atabadilisha tyubu tatu kwa mwezi mmoja na kulaumu ubora wa tyubu, kumbe mkosaji ni mkanda wa bei ndogo kabisa.

Upepo upimwe kwa kipimo, tena asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi. Baada ya kutembea, tairi hupata joto na kipimo hupanda, hivyo ukipima mchana utadhani upepo unatosha nao hautoshi. Vitabu vya pikipiki nyingi tunazotumia hapa, za ukubwa wa sisi 100, hutaja kiasi cha paundi 25 kwa tairi la mbele, 28 kwa la nyuma mtu akiwa peke yake, na 32 akiwa na abiria. Kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Kuminya tairi kwa kidole gumba au kulipiga teke, kama wengi wafanyavyo steji, hakupimi kitu. Tairi lenye nusu ya upepo wake linaweza kuonekana gumu kwa kidole na bado likawa laini chini ya uzito wa watu wawili.

Nami nataja watu wawili kwa makusudi. Sheria inaruhusu abiria mmoja. Anayepakia abiria watatu, au mtu mmoja na magunia mawili ya kahawa juu yake, akateremka kutoka Kapchorwa kwenye kona zile, ameliwekea tairi la nyuma mzigo ambao halikutengenezewa. Tairi hilo likiwa limekuwa kipara, halisubiri msumari. Ningependa wenye pikipiki nao wasikie hili, maana kijana anayekodi pikipiki kwa siku hana uwezo wa kununua tairi jipya. Uamuzi wa kubadilisha tairi kipara uko mikononi mwa yule anayepokea hesabu kila jioni.

Sasa vifaa. Mimi binafsi nilidharau jambo hili kwa miaka mingi. Nilikuwa nikiendesha pikipiki kwenda kazini, na katika mkoba wangu nilibeba koti la mvua na daftari tu. Siku moja nilikwama kati ya Bubulo na mjini, saa moja ya usiku. Fundi niliyempata baada ya kusukuma kilomita tatu aliziba tundu, akajaza upepo, akapokea pesa yake. Nikaenda kilomita mbili, tairi likalala tena. Msumari ulikuwa bado umo ndani ya tairi. Yeye hakuutafuta, nami nilisimama pale nikitazama simu yangu. Tangu siku ile nabeba vifaa vyangu, na hata fundi akifanya kazi, macho yangu huwa mikononi mwake.

Mfuko wa vifaa hauhitaji kuwa mkubwa. Spana inayoingia kwenye nati za ekseli za pikipiki yako ndiyo ya kwanza, na uijaribu nyumbani, kwa sababu nati iliyokazwa kwa nguvu za fundi wa gereji haiwezi kufunguliwa kwa spana fupi ya kupewa dukani. Beba vyuma viwili bapa vya kung'olea tairi, vyenye ncha laini zisizokwaruza tyubu. Beba pampu ndogo ya mkono, viraka, msasa, na gundi. Kuhusu gundi nina neno: chupa au tyubu ya gundi ikishafunguliwa mara moja hukauka ndani ya wiki chache hata kama imefungwa vizuri. Waendeshaji wengi wanabeba gundi iliyokwisha kuwa jiwe bila kujua. Iminye kila mwisho wa mwezi. Ongeza tyubu moja ya akiba. Pikipiki nyingi za kwetu zina magurudumu ya inchi 17 mbele na nyuma, na tyubu iliyoandikwa 2.75/3.00–17 huweza kutumika kwa yote mawili. Mtu mwenye tyubu ya akiba habandiki viraka gizani. Hubadilisha, akaondoka, na ile iliyotoboka akaiziba kesho yake kwa utulivu.

Mbali na hayo, weka tochi, kwa maana tochi ya simu humaliza moto wa simu wakati ambapo simu ndiyo unayoihitaji, kizibao kinachong'aa, kitambaa, na nakala ya karatasi za pikipiki pamoja na barua au nambari ya simu ya mwenye nayo ikiwa umeikodi. Yule kijana wa Lwakhakha angekuwa na nakala hiyo, mazungumzo na doria yangekwisha kwa dakika mbili.

Iko dawa ya maji ambayo humiminwa ndani ya tairi kupitia valvu, nayo huziba matundu madogo kwa muda. Inafaa kumfikisha mtu nyumbani. Haizibi tyubu iliyochanika wala valvu iliyong'oka, na fundi atakayeifungua tyubu hiyo baadaye lazima aambiwe, maana kiraka hakishiki juu ya dawa hiyo mpaka isafishwe.

Sehemu ya hatari kuliko zote ni sekunde chache tangu upepo unapotoka mpaka pikipiki inaposimama. Hapa ndipo watu hufa. Tairi la nyuma likiishiwa upepo, utahisi kiuno cha pikipiki kikiyumba huku na huku kama samaki. Likiwa la mbele, usukani huwa mzito na kuvuta upande mmoja, na hali hii ni mbaya zaidi. Katika hali zote mbili silika humwambia mtu afunge breki kwa nguvu. Asiitii. Shika usukani kwa mikono yote miwili bila kuukamia, uelekeze mbele moja kwa moja, na uachie mafuta taratibu. Acha pikipiki ipunguze mwendo yenyewe. Usishushe gia kwa ghafla, kwani kufanya hivyo ni sawa na kufunga breki ya nyuma. Ikiwa ni lazima utumie breki, tumia kwa upole ile ya gurudumu lenye upepo: pancha ikiwa nyuma, breki ya mbele, pancha ikiwa mbele, breki ya nyuma. Usijaribu kukata kona kwenda kando kabla mwendo haujawa mdogo. Mwendo ukishapungua, ndipo usogee kushoto na kutoka kabisa barabarani.

Abiria naye ana wajibu. Mwambie kabla ya safari, hasa safari ndefu, kwamba pikipiki ikianza kuyumba atulie, ashike kiti au kiuno chako, asiinamie upande na asiruke. Abiria wengi huumia kwa kuruka pikipiki ambayo ingesimama salama. Na kofia ngumu aivae yeye pia, isiwe pambo la kuning'inizwa kwenye usukani ili askari aione.

Ukishasimama, usifanye kazi pale uliposimama ikiwa ni kwenye kona, juu ya daraja, au chini ya kilima ambapo lori halikuoni mpaka limefika. Sukuma pikipiki mpaka mahali palipo wazi. Kusukuma pikipiki kwa mita 100 tairi likiwa limelala hakutaiharibu sana ikiwa hakuna mtu juu yake. Kuiendesha kilomita moja kutaua tyubu na tairi, na huenda rimu pia. Vaa kizibao. Usiku, weka matawi ya miti kwa umbali wa kutosha nyuma yako, kama desturi ya barabara zetu ilivyo, lakini ukimaliza uyaondoe. Matawi yaliyoachwa barabarani yamekwisha kuangusha watu wengine.

Sasa nageukia jambo ambalo ofisi yetu lazima iliseme wazi. Si kila pancha ni bahati mbaya, na si kila anayekuja kusaidia ni msamaria. Mbinu ya kuweka ubao wenye misumari mahali penye giza inajulikana. Ukipata pancha usiku mahali pasipo nyumba, na papo hapo wakatokea watu ambao hukuwaona kabla, usizime akili. Ikiwa tairi bado lina upepo kiasi, endelea polepole mpaka penye taa, duka au kituo cha polisi, hata kama tyubu itaharibika. Tyubu hununuliwa. Ukisimama, ng'oa ufunguo na uutie mfukoni kabla ya kuinama kutazama gurudumu. Mgeni asipewe nafasi ya kuijaribu pikipiki baada ya matengenezo, hata akiwa ndiye aliyeshika tochi. Mpigie simu mwenzako wa steji au mwenyekiti wenu na kumtajia mahali ulipo kwa jina la kijiji, shule au kanisa lililo karibu. "Nipo njiani" hakumsaidii mtu kukupata. Ukihisi hatari, piga 999 au 112. Nambari hizo mbili hutumika Uganda na hutumika Kenya, kwa hiyo mwendeshaji wa mpakani ana sababu ya kuzikumbuka kuliko mtu mwingine yeyote. Kama simu haishiki mtandao, nyumba ya mwenyekiti wa LC I wa kijiji hicho ndiyo ya kwanza kuulizia.

Abiria asiachwe peke yake gizani wakati wewe unakwenda kutafuta fundi. Ikiwa kuna pikipiki nyingine unayoifahamu, mpandishe abiria aendelee na safari, na mlipane baadaye. Ikiwa hakuna, nendeni pamoja.

Na ikiwa pancha imekupata ng'ambo ya mpaka? Mambo mawili husahauliwa. La kwanza, pikipiki iliyovushwa kwa karatasi za forodha ina muda wake. Ukiona kwamba matengenezo yatakupitisha muda huo, nenda ukawaarifu maofisa wa forodha kabla haujaisha, ukiwa na maelezo yako na, ikiwezekana, risiti ya tyubu uliyonunua. Ukienda baada ya muda kuisha, maelezo yale yale husikika kama kisingizio. La pili, usishawishike kukata njia ya panya kwa sababu umechoka kusukuma na kijiji chako unakiona ng'ambo ya mto. Mtu anayesukuma pikipiki katika njia isiyo rasmi usiku hutiliwa shaka na polisi wa nchi zote mbili, na zaidi ya hayo hukutana na watu ambao hawataki kuonekana. Ni heri kufungua gurudumu peke yake na kulipeleka kwa fundi, pikipiki ikibaki mahali palindwapo na mtu unayemfahamu. Pikipiki isiyo na gurudumu si rahisi kuibwa.

Kwa anayetengeneza mwenyewe, utaratibu ni huu. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa juu ya ardhi ngumu; penye tope weka jiwe bapa au kipande cha ubao chini ya stendi. Kabla ya kufungua chochote, zungusha gurudumu polepole na utafute kilicholitoboa. Ukikiona, weka alama kwa chaki au kijiti, maana alama hiyo itakuonyesha tundu la tyubu liko upande gani. Kwa gurudumu la nyuma, legeza nati ya ekseli, fungua kijiti cha breki na mkono unaoishikilia breki isizunguke, sukuma gurudumu mbele ili mnyororo ulegee, uondoe mnyororo, kisha vuta ekseli. Panga nati na vipande vyote juu ya kitambaa kwa mfuatano ulivyovitoa. Mafundi wetu wa kando ya njia mara nyingi hawaondoi gurudumu. Hung'oa upande mmoja wa tairi na kuivuta tyubu nje likiwa bado mahali pake. Njia hiyo inafaa kwa kuziba, lakini kubadilisha tyubu kunahitaji gurudumu litoke.

Toa upepo wote uliobaki, fungua nati ya valvu, na ukanyage tairi kuzunguka pande zote mpaka libanduke kwenye rimu. Hapa ndipo watu hutumia nguvu mahali pa akili. Katikati ya rimu kuna bonde. Ukingo wa tairi una waya usiovutika, na hauwezi kutoka upande huu mpaka upande wa pili uwe umeshuka ndani ya bonde hilo. Anza kung'oa karibu na valvu, huku goti lako likisukuma upande ulio mkabala na valvu uingie bondeni. Wakati wa kurudisha, fanya kinyume chake: anza mkabala na valvu na umalizie kwenye valvu. Ukiona unalazimika kuning'inia kwenye chuma, simama, uangalie upande wa pili. Hakika haujaingia bondeni. Chuma kinacholazimishwa ndicho kinachotoboa tyubu mpya kabla haijatumika.

Jaza tyubu upepo kidogo na uisogeze karibu na shavu au midomo. Hewa inayotoka utaihisi hata gizani. Penye maji, itumbukize na utazame mapovu. Sugua mahali pa tundu kwa msasa mpaka pawe pakavu na pasipong'aa, eneo lipitalo kidogo ukubwa wa kiraka. Paka gundi kwa wembamba, kisha ungoje. Kungoja ndiko kunakowashinda wengi. Gundi ikiwa bado mbichi kiraka kitateleza. Ikiwa imekauka kiasi cha kutoshika kidole, kiraka kitashika. Bandika na ukandamize kwa nguvu kwa kitu kigumu. Wako mafundi wanaotumia moto: hubana tyubu chini ya pistoni kuukuu, wakaweka petroli kidogo ndani yake na kuiwasha ili joto lipike kiraka. Kazi yao ni imara, na wengi wana ujuzi wa miaka. Tunachowaomba ni kwamba moto huo usiwashwe karibu na tangi la pikipiki iliyo wazi, wala karibu na chupa za petroli zinazouzwa kando ya njia, kama tulivyokwisha kuona mara kwa mara.

Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote, polepole, kisha vidole kwa uangalifu. Kitambaa kitakwama penye uzi wa chuma au ncha ya mwiba. Ng'oa kwa koleo. Hatua hii ndiyo iliyonigharimu usiku ule wa Bubulo. Tazama pia mkanda wa rimu. Kisha tia tyubu upepo kidogo, kiasi cha kupata umbo lake, ili isijikunje, uiingize, na uhakikishe valvu imesimama wima. Baada ya kujaza, zungusha gurudumu na utazame mstari mwembamba ulio kwenye ubavu wa tairi karibu na rimu: uwe na umbali sawa pande zote. Ukizama mahali fulani, tairi halijakaa; toa upepo na ujaze tena.

Rudisha gurudumu, rekebisha mnyororo usiwe wa kukaza wala wa kulegea mno, kaza nati ya ekseli, na urudishe pini yake. Kisha kanyaga breki mara kadhaa kabla ya kupanda. Breki ya nyuma iliyofunguliwa na kusahauliwa ni hatari kuliko pancha yenyewe, nayo hugunduliwa mara nyingi kwenye mteremko wa kwanza. Endesha mita 200 bila abiria, simama, pima tena, ndipo umwite abiria.

Mtu asiye na kifaa hata kimoja huweza kujaza majani makavu ndani ya tairi na kuyashindilia mpaka likapata umbo. Wazee wa baiskeli walifanya hivyo, na vijana bado wanafanya. Litakufikisha kijiji cha pili kwa mwendo wa mtu anayetembea, bila abiria na bila mzigo. Lisitumike kwenye lami.

Tyubu isiyozibika tena isitupwe barabarani wala mtoni. Ikate vipande virefu uitumie kufungia mizigo, kama wafanyavyo wauza ndizi wa soko la Namatala, na kipande kimoja kibaki katika mfuko wako wa vifaa. Huzuia spana isigongane na pampu, na siku mnyororo wa mzigo ukikatika njiani, utakitafuta.